Mama Anakimbia, Watoto Wanataka Pengwini: Safari ya Gari Afrika Kusini

Wakimbiaji wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam siku hizi hawatosheki na mbio za nyumbani. Mtu ameshamaliza Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ameshakimbia Lewa katikati ya wanyama, sasa anatafuta medali ya mbali. Mara nyingi huondoka peke yake au na klabu yake, na familia inabaki kumwangalia kwenye picha za simu. Makala haya ni ya yule anayetaka kwenda na mwenzake na watoto, akimbie, kisha wote wapande gari waitembee nchi. Mfano wangu ni jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Huko wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, barabara kuu ni nzuri, malaria hakuna, na Mkenya au Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida huingia kwa matembezi ya hadi siku 90 bila kuomba viza. Wakenya walifunguliwa mlango huo tarehe 1 Januari 2023. Jirani wa Uganda, Rwanda au Kongo aulize ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Kuna jambo moja la kukubaliana nyumbani kabla hata ya kutafuta tiketi: ratiba imfuate yule asiyekimbia. Mbio huisha asubuhi moja. Siku zote zinazobaki ni za watoto waliofungwa mikanda kiti cha nyuma, na za baba au mama ambaye hana habari na kasi ya dakika kwa kilomita. Na mbio zenyewe si za kutegemea. Oktoba 2025 maelfu ya watu walijikuta Cape Town wakiwa na namba zao kifuani, na marathoni ya jiji ikafutwa asubuhi ileile kwa sababu ya upepo mkali uliong'oa vifaa usiku. Aliyekuja kwa ajili ya mbio tu alirudi mikono mitupu. Aliyekuwa amepanga na wiki ya barabarani alikuwa na pa kwenda.

Kuchagua mbio

Mbio zenye jina kubwa upande huo ni Two Oceans, zilizoanza mwaka 1970. Ultra yake ni kilomita 56, na pembeni kuna nusu marathoni ya kilomita 21.1. Kwa miaka mingi zilikimbiwa Jumamosi ya Pasaka. Miaka ya karibuni zimehamia wikendi nyingine ya Aprili, ultra siku moja na nusu marathoni siku nyingine. Kwa mzazi wa Kenya Aprili ni mwezi mzuri, kwani shule huwa zimefungwa au zinakaribia kufungwa. Mtanzania anayesubiri likizo ya Juni atazame Knysna Forest Marathon, ambayo kwa kawaida hukimbiwa Julai ndani ya msitu wa Knysna. Alinganishe tu tarehe yake na siku ya kufungua shule. Desemba mimi naishauri mwisho kabisa. Wenyeji wenyewe ndio wako likizoni, nyumba za pwani zimejaa, na bei ziko juu mpaka Januari.

Usajili wa Two Oceans hufunguliwa miezi mingi kabla na nafasi hujaa. Anayetaka ultra lazima awe amemaliza marathoni kamili ndani ya muda ambao waandaaji wanautaja. Kwa safari ya familia nusu marathoni inatosha, nami nasema hivyo bila kumdharau mtu. Aliyekimbia kilomita 56 akavuka mlima wa Chapman's Peak, kisha, akiwa ameshapita umbali wa marathoni, akapanda tena Constantia Nek, hatakuwa mtu wa kuandamana naye kesho yake. Nusu marathoni nayo si mchezo, kwa maana ina kilima cha Southern Cross Drive kinachokata pumzi, lakini jioni yake mtu anaweza kukaa mezani na watoto akacheka.

Tafuta nyumba ya kujipikia Newlands, Rondebosch au Claremont. Mbio hizi zimezoea kuanzia upande huo wa jiji na kumalizikia viwanja vya Chuo Kikuu cha Cape Town. Siku ya mbio barabara nyingi hufungwa, na anayelala mbali huteseka zaidi kwa kutafuta maegesho kuliko kwa kukimbia. Ukiwa karibu, watoto wanaamka, wanakunywa chai, wanatembea kwa miguu hadi kwenye umaliziaji. Kubalianeni mahali pa kukutana panapoonekana kwa jicho, penye mti au bango fulani, maana pakijaa watu simu huwa ngumu. Namba huchukuliwa na mkimbiaji mwenyewe siku za kabla ya mbio, akiwa na kitambulisho, kwa hiyo fikeni angalau siku mbili mapema.

Nyumba ya kujipikia ina faida nyingine. Unga wa mahindi upo katika kila duka kubwa, wao hupika pap, na tofauti yake na ugali wetu ni ndogo. Mkimbiaji aliyezoea ugali na mboga usiku wa kuamkia mbio hana haja ya kujaribu tambi za mgahawani siku hiyo. Kwa Waislamu, Cape Town ina jamii ya Kiislamu ya karne nyingi, kitovu chake kikiwa mtaa wa Bo-Kaap, na chakula halali hupatikana kirahisi kuliko katika miji mingi ya kigeni.

Jambo moja litamshangaza mgeni njiani: maji hutolewa kwenye vifuko vidogo vya plastiki. Unang'ata kona, unakamua mdomoni, kinachobaki unajimwagia kichwani. Kwenye ultra utakuta pia viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na soda ya Coca-Cola. Jizoeze nyumbani kula viazi ukiwa mbioni, kama hujawahi.

Makaratasi

Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na muda wa kutosha. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Masharti ya vyeti yamelegezwa tangu mwaka 2019, lakini ofisa wa uhamiaji au wa shirika la ndege bado anaweza kukiuliza. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, pamoja na nakala ya pasipoti ya yule aliyebaki.

Kadi ya manjano isisahaulike. Anayetoka Kenya au Uganda hudaiwa chanjo ya homa ya manjano, watoto wa zaidi ya mwaka mmoja wakiwemo. Mtanzania anayepitia Nairobi na kukaa uwanjani saa nyingi naye aibebe, asije akabishana kaunta. Chanjo hutambuliwa baada ya siku 10, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha. Kwa hiyo ile kadi ya zamani iliyoko kabatini huenda bado inafaa.

Ndege nyingi za kwetu hutua kwanza Johannesburg. Kutoka Nairobi ni kama saa nne, halafu saa mbili nyingine mpaka Cape Town. Hapo Johannesburg mnapita uhamiaji, mnachukua mizigo, mnaikabidhi tena kwa ndege ya ndani. Saa moja na nusu kati ya ndege na ndege haitoshi mkiwa na watoto. Acheni saa tatu. Viatu vya mbio, kaptura na soksi vikae kwenye begi la mkononi, maana begi kubwa likipotea, hivyo ndivyo visivyopata mbadala.

Soketi zao ni za tundu tatu nene za duara, si hizi zetu za mistatili. Nunueni kibadilisha plagi mapema au mkifika, tena viwili, kwani saa ya mkimbiaji, simu na tableti ya mtoto zitagombea kimoja. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Gari

Hapa ndipo wengi hukwama, na si kwa ajili ya udereva. Kampuni za kukodisha magari hutaka kadi ya krediti yenye jina la dereva mwenyewe, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa. Pesa za simu hazina kazi pale kaunta. Kampuni huzuia dhamana kwenye kadi hiyo mpaka gari lirudi, kwa hiyo hakikisheni kikomo cha kadi kinabeba dhamana na matumizi mengine. Ulizeni benki yenu mwezi mmoja kabla, kwa sababu kadi ya krediti haitoki kwa siku mbili.

Leseni ya Kiingereza yenye picha na saini hukubalika. Hata hivyo chukueni leseni ya kimataifa ya udereva, maana ni karatasi rahisi inayokata maneno. Andikisheni madereva wawili. Gharama huongezeka kidogo, lakini sheria yangu katika safari hizi haina mjadala: aliyekimbia haendeshi siku ya mbio wala siku inayofuata. Misuli ya paja huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mbio, hasa mbio zenye miteremko, na mguu unaositasita juu ya breki ni hatari. Kama anayejua kuendesha ni mkimbiaji peke yake, laleni Cape Town siku mbili zaidi.

Bima isomwe kwa macho, si kwa kuuliza tu. Tazameni kiasi mtakachojilipia wenyewe gari likigongwa, na kama vioo na matairi vimo. Tazameni pia barabara za changarawe, kwani mikataba mingi haizifidii. Swartberg Pass, barabara ya mlimani iliyojengwa na Thomas Bain kwa nguvu za wafungwa na kufunguliwa mwaka 1888, ni ya changarawe. Inapendeza ajabu, na gari dogo la kukodi halina shughuli huko.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu kisheria akae kwenye kiti chake cha gari. Kwa walio wakubwa kidogo kiti cha kuinulia ni busara tu. Mwendo ni kilomita 60 kwa saa mjini, 100 nje ya mji na 120 kwenye barabara kuu za njia mbilimbili, isipokuwa kibao kiseme vingine. Tochi zipo, na kamera pia. Taa za barabarani wenyewe huziita roboti, basi mkielekezwa mkate kona kwenye roboti ya pili msitafute mashine. Makutano yenye vibao vya kusimama pande zote huendeshwa kwa zamu: aliyefika kwanza hupita kwanza, na taa zikizimika kwa kukosa umeme utaratibu ni huohuo. Kwenye barabara ya njia moja moja, gari la polepole husogea pembeni ya mstari wa manjano kumpisha la nyuma, na aliyepishwa huwasha taa za hatari kushukuru. Msisogee hivyo kwenye kona wala mlimani. Petroli huwekwa na mhudumu, naye hupewa bakshishi ya randi chache.

Kuhusu usalama, niseme wazi. Msiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari, hata koti. Mkitoka uwanja wa ndege wa Cape Town fuateni barabara kuu ya N2 mpaka mjini, na ramani ya simu ikiwashauri mkato wa vitongojini ili mwokoe dakika tano, ikataeni. Mkitua usiku sana, laleni hoteli ya karibu na uwanja, gari mlichukue asubuhi.

Barabarani

Baada ya mbio, siku ya kwanza iwe fupi. Simon's Town ni mwendo usiofika saa moja, na pale Boulders kuna njia za mbao zinazopita juu ya mchanga walipo pengwini wa Afrika. Waonyesheni watoto sasa, kwani tangu mwaka 2024 ndege hawa wamewekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mtanzania na Mkongo wabebe pasipoti hata siku hiyo, maana kwenye hifadhi za taifa raia wa nchi za SADC wana kiingilio chao, cha chini kuliko cha wageni wengine. Mkenya hulipa cha wageni. Mkiendelea hadi Cape Point fungeni milango ya gari na msile hadharani. Nyani wa huko wanajua kufungua milango na hawaombi.

Kurudi pitieni Chapman's Peak Drive, barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 1922 na yenye kona 114, bahari chini na mwamba juu. Mkimbiaji wa ultra ataitambua kwa miguu. Hufungwa mawe yanapoanguka au dhoruba ikija, basi ulizeni kwanza.

Kutoka hapo geukeni mashariki. Kipimo changu kwa familia yenye watoto ni kilomita 250 kwa siku zisizidi. Msiende Hermanus kwa N2, bali kwa njia ya R44 inayoambaa bahari kuanzia Gordon's Bay. Ni ndefu kidogo lakini watoto hawatapika kwa kuchoka, labda kwa kona. Hermanus, kilomita kama 120 kutoka Cape Town, ni mji ambao nyangumi huonekana kutoka nchi kavu, kati ya Juni na Novemba. Anayekuja Aprili atakuwa amewahi mno, na hapo safari ya Julai inashinda.

Cape Agulhas ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara letu, na ndipo ulipowekwa mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi. Wengi hudhani ni Cape Point, na wauza fulana hawana haraka ya kuwasahihisha. Mtoto wa Tanga au Lamu ajue kwamba, ukisimama kwenye kibao cha mpaka huo ukitazama baharini, maji ya upande wa kushoto ni bahari yake ileile, ila huku ni ya baridi na mawimbi yake hayana adabu. Kuogelea ni mahali penye waokoaji tu.

Mossel Bay ina kisa kinachotuhusu. Bartolomeu Dias alitua hapo mwaka 1488, na kwenye jumba la makumbusho kuna mfano wa jahazi lake unaoweza kupandwa. Miaka tisa baadaye alipita Vasco da Gama, na Aprili 1498 akawa Mombasa, kisha Malindi. Aliyewahi kuiona nguzo ya da Gama pale Malindi atakuwa ameziona kurasa mbili za safari moja.

Kutoka Mossel Bay hadi Knysna ni kama kilomita 100, na kati yake kuna Wilderness, pwani ya mchanga mrefu. Mbele zaidi, kwenye mdomo wa mto Storms ndani ya hifadhi ya Tsitsikamma, kuna daraja la kuning'inia ambalo watoto huvuka mara tatu. Geuzeni hapo. Kuacha gari mji mwingine, kwa mfano Gqeberha, huongezewa gharama, na kurudi kwa njia ileile kunachosha. Pandeni milima hadi Oudtshoorn kwenye mashamba ya mbuni na mapango ya Cango, kisha mrudi Cape Town kwa R62, yenye vilima vikavu, vijiji na magari machache. Kutoka Oudtshoorn ni zaidi ya kilomita 400, basi laleni Montagu au Barrydale.

Kukimbia njiani

Kila Jumamosi asubuhi miji mingi huwa na parkrun, kilomita tano za bure zilizoanzia London mwaka 2004 na kufika Afrika Kusini mwaka 2011 kwa juhudi za Bruce Fordyce, bingwa wa mbio za Comrades. Hermanus wanayo, Mossel Bay wanayo, na Cape Town kuna kadhaa, ikiwemo ya Rondebosch Common. Familia nzima hujisajili mara moja tu, kila mtu anachapisha msimbo wake, basi. Mtu anaweza kutembea mwanzo mwisho wala hakuna wa kumcheka. Mtoto wa chini ya miaka 11 awe karibu na mkubwa kiasi cha kushikika. Kati ya mbio zote za safari hii, nadhani hii ndiyo watoto wataisimulia shuleni.

Siku nyingine kimbieni palipo na watu: Sea Point kando ya bahari asubuhi, njia ya majabali Hermanus mchana. Milimani msiende peke yenu, wala simu isishikwe mkononi. Aprili jua linachwea kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu jioni, na usiku huwa baridi kuliko Nairobi, kwa hiyo makoti ni ya lazima.

Kukaa garini muda mrefu baada ya mbio huvimbisha miguu, na kukiunganishwa na safari ya ndege hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka. Simameni kila baada ya saa mbili, mtembee dakika kumi. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, msisubiri hadi mrudi nyumbani. Na mtu akipata homa, mwambieni daktari mara moja kwamba mmetoka nchi yenye malaria. Hapo Western Cape hawana ugonjwa huo, na daktari anaweza kuanza na mafua. Hospitali binafsi huuliza malipo kabla ya kitanda, kwa hiyo bima ya safari ikatwe kwa wote, na isomwe kama inakubali majeraha ya mashindano. Namba ya dharura kwa simu ya mkononi ni 112.

Siku ya kurudisha gari jazeni tanki kituo cha mwisho kabla ya uwanja na mtunze risiti. Lipigeni picha pande zote, taa, rimu, kioo cha mbele na kipimo cha mafuta, mfanyakazi wa kampuni akiwa amesimama hapo. Dhamana huchukua siku kadhaa kurudi kwenye kadi. Faini ya mwendo nayo inaweza kufika wiki kadhaa baadaye, pamoja na ada ya kampuni ya kuishughulikia, na itakatwa kwenye kadi hiyohiyo.